Ngoma Haijifundishi Yenyewe: Kutoka Cuba mpaka Bujora, na sisi wa Nansio tuko wapi?



Leo tuache siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee ngoma. Najua kuna washkaji hapo mlipo mmeshaanza kucheka, "ngoma? zile za bibi zetu?" Tulieni kwanza. Kuna swali linanisumbua siku nyingi na nadhani na wewe litakusumbua ukimaliza kusoma. Inakuwaje watu waliobebwa kwa minyororo kutoka Afrika, wakavushwa bahari mpaka Cuba, wakanyang'anywa majina, lugha na watoto, bado wajukuu zao wanapiga ngoma zilezile mpaka leo? Halafu sisi ambao hakuna aliyetuhamisha, tunazipoteza ndani ya vizazi viwili tu?

Jibu fupi ni kwamba wenzetu walikuwa na utaratibu wa KUFUNDISHANA. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Na mwishoni nitaeleza jinsi ya kuanzisha darasa la ngoma hata kama mko watu kumi na mna ngoma mbili tu. Kama una dakika chache kafe, ruka moja kwa moja hadi kule kwenye "Jinsi ya kuanza", halafu utarudi huku siku nyingine.

CUBA KUNA NINI?

Cuba ni kisiwa kama sisi, ila chenyewe kipo bahari ya Karibiani na ni kikubwa mno. Wahispania walikilima miwa kwa nguvu za watumwa kutoka Afrika, na utumwa ulifutwa kule mwaka 1886, yaani juzi tu ukihesabu kwa miaka ya historia. Watumwa walitoka sehemu nyingi. Kulikuwa na Wayoruba wa Nigeria na Benin ya leo, ambao kule waliitwa Walukumi. Kulikuwa na watu wa Kongo. Na hapa ndipo wengi wanashangaa: walikuwepo pia Wamakua waliopakiwa kwenye meli kutoka pwani ya Msumbiji. Makua hao hao ambao leo wako Masasi na Mtwara. Kwa hiyo mtu asikwambie mambo ya Cuba hayatuhusu.

Ushahidi mwingine uko kwenye maneno. Kule Cuba watu wenye asili ya Kongo ngoma yao wanaiita NGOMA. Neno lile lile, miaka yote hiyo. Na kwenye bendi zetu za dansi hapa Bongo, yule jamaa anayepiga ngoma ndefu za mikono tunamwita mpiga nini? Mpiga tumba. Tumba ni jina la Cuba, na lenyewe asili yake ni huku kwetu kwa Wabantu. Yaani lilikwenda na watumwa, likarudi na sahani za santuri! Kuanzia mwaka 1933 kampuni za Uingereza zilianza kuuza Afrika santuri zilizoitwa GV zenye muziki wa Cuba, na wazee wetu wakazipenda kweli kweli. Salum Abdullah wa Morogoro alianzisha bendi yake mwaka 1948 na jina likawa Cuban Marimba. Hawakujua Kispaniola, lakini mdundo waliutambua. Mdundo ulikuwa wa nyumbani.

HIVI WANAFUNDISHANAJE?

Hapa ndipo penye somo. Chukua mfano wa ngoma za batá, za Walukumi. Ziko tatu, kila moja ina ngozi pande mbili, mpigaji anakaa na kuilaza mapajani, mkono huu upande huu na mkono ule upande ule. Kubwa inaitwa iyá, maana yake mama. Ya kati ni itótele. Ndogo ni okónkolo.

Sasa mwanafunzi mpya anapewa ipi? Sisi tungedhani anaanza na ile kubwa maana ndiyo yenye sifa. Hapana. Anaanza na okónkolo, ile ndogo, ambayo kazi yake ni kurudia kitu kimoja karibu muda wote bila kuyumba. Anakaa hapo muda mrefu. Kazi yake ni kusimama kama nguzo ya nyumba ili wengine waweze kucheza. Na akiwa pale anasikia. Kila siku anasikia iyá inavyoita na itótele inavyojibu. Siku akihamia itótele anakuta nusu ya kazi iko tayari kichwani. Siku akifika kwenye iyá, ameshazijua zote tatu, na ndio maana anaweza kuziongoza.

Umeona ujanja wake? Hakuna ubao, hakuna daftari. Nafasi unayokaa ndiyo darasa lenyewe. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na yule anayefanya kitu rahisi kuliko wote akikosea, wote wanaanguka. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa siku ya tatu ni mtu muhimu. Hakuna mtu wa kukaa benchi.

Nyimbo nazo ni hivyo hivyo. Mmoja anaanzisha, kundi linaitikia. Mgeni anaanzia kwenye kuitikia. Kiitikio ni kifupi, kinajirudia, baada ya dakika kumi umekishika hata kama hujui maana. Maana inakuja baadaye.

Kuna jambo lingine la kujua. Batá ni ngoma za dini. Zile zilizowekwa wakfu zina masharti, si kila mtu anazigusa, na kwa mila hiyo wanawake hawazipigi. Kwa hiyo wenzetu waliamua nini? Wakatenganisha. Ngoma zenye wakfu zikabaki za ibada, wakatengeneza nyingine zenye umbo lile lile lakini bila wakfu, za kufundishia na za jukwaani. Mwaka 1936 mtafiti Fernando Ortiz aliandaa onyesho mjini Havana ambapo batá za namna hiyo zilisikika mbele ya hadhara. Mwaka 1962 serikali ikaunda kundi la taifa la ngoma za asili, Conjunto Folklórico Nacional, likakusanya wazee wenye ujuzi na vijana wenye nguvu. Baadaye wageni kutoka Ulaya na Marekani wakaanza kwenda Havana na kulipa pesa nzuri kufundishwa kwenye warsha za wiki kadhaa. Ndiyo, watu wanapanda ndege kwenda kufundishwa kuitikia! Na wanawake nao hawakukaa kimya, miaka ya 1990 likazaliwa kundi la kina dada la Obini Batá hapo hapo Havana.

JARIBU HAPO ULIPO

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Huko Cuba kuna mdundo unaopigwa na vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa, wanauita clave. Hesabu taratibu kutoka 1 hadi 16 halafu rudia. Piga makofi penye X tu:

X . . X . . X . . . X . X . . .

Yaani makofi yako ni namba 1, 4, 7, 11 na 13. Ukishaweza, ongeza mguu: kanyaga chini kwenye 1, 5, 9 na 13. Sasa utaona kazi. Kati ya makofi matano, mawili tu yanakutana na mguu, la 1 na la 13. Mengine matatu yanaanguka katikati, na hapo ndipo mwili unapoanza kuchezacheza wenyewe.

Ukitaka ule wa rumba, sogeza kofi la tatu kutoka 7 kwenda 8, basi:

X . . X . . . X . . X . X . . .

Tofauti ni kofi moja, lakini sikia ladha inavyobadilika. Fanyeni watatu: mmoja mguu, mmoja makofi, mmoja aimbe wimbo wowote anaoujua. Mkifika dakika mbili bila kucheka wala kupotea, basi mmeshaanza darasa. (Mwenye kafe akiwafukuza mimi simo.)

TURUDI ZIWANI KWETU

Sasa nisije nikaonekana nasifia ya mbali na kusahau ya hapa. Ukweli ni kwamba utaratibu ule ule upo kote kuzunguka ziwa hili.

Vuka upande wa Uganda. Ngoma za Baakisimba za Waganda zinapigwa kwa seti. Kuna embuutu, ndiyo kiongozi. Kuna empuunyi, ya sauti nzito, inashikilia mdundo. Kuna nankasa, ndogo, inapigwa kwa vijiti. Na kuna engalabi, ndefu, yenye ngozi ya kenge. Kila moja na kazi yake. Mpya anapewa ile yenye kurudia, mzoefu anapewa ile yenye kusema. Cuba na Buganda hawajawahi kukaa kikao kupanga hayo. Ni akili ile ile ya Mwafrika ya kugawana kazi.

Ng'ambo ya pili kwa majirani zetu Wasukuma, hao ndio wametisha zaidi kwa mashindano. Kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanza karne ya 19, na waanzilishi wake wanatajwa kuwa Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia kama mwezi wa sita, pande mbili zinakutana uwanja mmoja na kucheza KWA WAKATI MMOJA. Hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Fikiria wewe ni manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, unaona watu wanahama kwenda kwa mwenzako. Hapo hapo ubuni kitu: wimbo mpya, vichekesho, nyoka, chochote. Ndio maana Usukumani kuna majina ambayo mpaka leo yanasimuliwa, kama Ng'wanamalundi, manju na mganga wa enzi za Mjerumani, ambaye simulizi zinasema akinyooshea mti kidole unakauka.

Halafu kuna bugobogobo, ile ya majembe, ambayo nina hakika wengi mmeiona kwenye sherehe za kitaifa au mmeicheza shuleni. Asili yake ni kazi. Vijana walijiunga kundi moja, wakalima shamba la mtu kwa zamu, na mpiga ngoma akawa nao shambani. Ngoma iliweka mwendo wa jembe. Kuinua pamoja, kushusha pamoja. Ukichoka wimbo unakubeba. Mtafiti wa Marekani, Frank Gunderson, mwaka 2010 alichapisha kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Wao wanazisoma vyuoni huko, sisi tunaziita za kishamba. Kweli zilikuwa za shambani, hilo sibishi!

BUJORA WALIFANYA NINI

Kilomita kama 20 hivi kutoka Mwanza mjini, barabara ya Musoma, ukifika Kisesa unapinda kwenda Bujora. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma. Aliyeanzisha ni Padri David Clement, mmishenari kutoka Canada, aliyefika miaka ya 1950. Zamani zile kuna wamishenari wengi walioona ngoma ni ushenzi. Huyu akaona tofauti. Akaleta ngoma kanisani, akaanzisha kundi la nyimbo na ngoma, na sikukuu ya Ekaristi ikaungana na tamasha la ngoma linaloitwa Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu wanapambana kama kawaida yao.

Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Sasa chifu akiondoka, ngoma zake zinabaki na kazi gani? Zile zilikuwa ngoma za itemi, zilipigwa kwa mambo maalumu, zikitangaza habari za ntemi. Nyingi zingeoza au kuuzwa. Bujora walikusanya baadhi na kuzihifadhi. Ukifika utaziona zimepangwa, kubwa na ndogo, kimya.

Neno hilo "kimya" ndilo linanifanya niandike. Ngoma kwenye makumbusho imeokolewa, ni kweli. Lakini ngozi na gogo ni nusu tu ya ngoma. Nusu nyingine iko kwenye mikono na vichwa vya watu, na hiyo huwezi kuiweka kabatini. Ndiyo maana pale Bujora hawakuishia kwenye vitu, wakawa na kundi la wachezaji pia.

Kitaifa nako kulikuwa na juhudi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Pale bugobogobo inafundishwa kwa mtu wa Lindi, na sindimba ya Wamakonde kwa mtu wa Mwanza. Zanzibar wana chuo cha muziki kilichoanza 2002, DCMA, wanafundisha taarabu na ngoma za visiwani. Na mashuleni UMITASHUMTA na UMISSETA zina ngoma na kwaya. Si haba. Ila Bagamoyo ni mbali na si kila kijana wa Nansio ana nauli na ada.

KWA NINI ZINAPOTEA BASI?

Watu wengi wanalaumu runinga, wengine wanalaumu singeli na Bongo Fleva. Mi nadhani wanakosea. Singeli yenyewe imetoka kwenye mchiriku na ngoma za uswahilini, ni mjukuu wa ngoma.

Sababu kubwa ni kwamba ngoma zetu zilifundishwa kupitia KAZI. Hakukuwa na siku ya mafunzo. Ulijifunza kulima ukajifunza wimbo. Ulikwenda harusini ukajifunza kuitikia. Ulisimama karibu na nyumba ya chifu ukajua mlio gani una maana gani. Kazi zile zilipobadilika, kilimo cha kundi kikapungua, machifu wakaondoka, harusi zikawa na spika kubwa, basi na darasa likafungwa. Hakuna aliyetangaza. Mwalimu yupo, mwanafunzi yupo, ila pale walipokuwa wanakutana hapapo tena.

Cuba nako kazi zilibadilika, tena vibaya zaidi. Lakini walijua kwamba wasipofundishana kwa makusudi itakwisha. Wakakutana kwenye vyama vyao, kabila kwa kabila, siku za sikukuu, wakaweka zamu, wakaweka ngazi za kupanda. Hiyo ndiyo tofauti.

Hapa Ukerewe tuna mfano wetu wenyewe. Mzee Aniceti Kitereza, mzaliwa wa hapa mwaka 1896, aliandika kitabu kikubwa kuhusu maisha ya Wakerewe wa zamani: ndoa, tiba, kilimo, uvuvi, adabu. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, yaani miaka 35 baadaye, naye akafariki mwaka 1981. Kitabu kiliweza kusubiri miaka 35 kwa sababu ni karatasi. Je, mpiga enanga anaweza kusubiri miaka 35?

Enanga, kwa msioijua, ni chombo cha nyuzi, ubao mrefu uliochongwa kama hori na kufungiwa nyuzi juu yake. Wahaya wanacho na Wakerewe tunacho. Mwimbaji anapiga huku anasimulia habari za watawala, vita na mapenzi. Uliza darasani kwako wangapi wamewahi kuishika enanga. Kaazi kweli kweli.

JINSI YA KUANZA

Haya, tufike kwenye vitendo. Tuseme mko kumi, mna ngoma mbili na debe moja. Inatosha kabisa.

1. Tafuteni mzee mmoja kwanza, ngoma baadaye. Nendeni kwa adabu, shikamoo zenu, msiende na simu mmeielekeza usoni kwake. Mwambieni "Babu, tunaomba utufundishe" au "Bibi, tunaomba". Bibi ndio wenye nyimbo nyingi, msiwasahau. Mpeni chochote, sukari, sabuni, nauli. Ujuzi wake ni mali, na amekaa nao miaka bila mtu kuuliza.

2. Siku ya kwanza msiguse ngoma. Imbeni tu. Mzee aanzishe, ninyi mwitikie, mguu ukikanyaga. Kama wavuvi wanavyovuta mtumbwi kuupandisha nchi kavu: mmoja anaita, wote wanaitikia na kuvuta wakati wa kuitikia. Asiyeitikia anavuta peke yake na mtumbwi hausogei.

3. Gawaneni sehemu. Wawili wa mdundo wa kurudia, wawili wa makofi, mmoja wa debe au kengele, wengine kuitikia na kucheza. Ngoma ya kuongoza ashike mzee mwenyewe kwa wiki za mwanzo. Msigombanie.

4. Zungukeni. Kila baada ya nusu saa kila mtu ahame nafasi. Mpiga ngoma asiyejua kucheza hawezi kumfuata mchezaji, na mchezaji asiyejua kupiga hajui ngoma itabadilika lini.

5. Semeni mdundo kwa mdomo kabla ya mkono. Ku-du-ta, ku-du-ta. Kama huwezi kuusema huwezi kuupiga. Hii inafanyika Cuba, inafanyika Uganda, inafanyika kila mahali.

6. Ngoma ikilegea, ioteni moto wa nyasi au muianike juani mpaka ngozi ikaze. Msiisogeze karibu mno na moto. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, na ngozi ya ng'ombe si bure.

7. Rekodini, lakini kwa ruhusa. Rekodi sauti ya mzee, andikeni maneno na maana yake, nani aliutunga, ulikuwa wa kazi gani. Mwanafunzi mmoja awe katibu. Baada ya miezi sita mtakuwa na daftari ambalo hakuna maktaba yoyote duniani inalo.

8. Mkitaka kufanya kwa malipo, jisajilini. Vikundi vya sanaa vinasimamiwa na BASATA, na kwa kuanzia mnakwenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Bila karatasi mtaitwa kwenye shughuli, mtacheza masaa matatu juani, halafu mtapewa soda na sahani ya wali. Nimeona kwa macho yangu vijana wakiambiwa "si mnajitangaza?" Jamani, mwenye spika analipwa, mpishi analipwa, mpiga ngoma naye ale kutangazwa? Mcheza kwao hutunzwa, wahenga hawakusema hushangiliwa tu.

MASWALI YA WAZAZI

Mama atasema: hizo ngoma ni za ushirikina. Usimbishie kwa kiburi, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Bagika na Bagalu walitumia dawa za mvuto, hilo linajulikana. Batá za Cuba ni za dini. Lakini tumeona wenzetu walivyotenganisha: ya ibada ikabaki na wenyewe, ya kufundishia ikawa huru. Na Bujora padri mwenyewe aliingiza ngoma kanisani. Kwa hiyo mwambie mama unajifunza mdundo, wimbo na historia. Na ukiambiwa na mzee kwamba ngoma fulani si ya kuchezewa, basi usiichezee. Heshima hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Wengine watasema msichana hapigi ngoma. Burundi mwaka 2017 Rais alisaini amri inayokataza wanawake kupiga zile ngoma zao maarufu, ambazo UNESCO ilikuwa imeziweka kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Lakini jirani hapo hapo Rwanda, kina mama wa kundi la Ingoma Nshya wamekuwa wakipiga tangu 2004, na walianza baada ya mauaji ya kimbari, wajane na watoto wa pande zote mbili pamoja. Mi naona hapo kuna jibu tosha. Kama darasa lina watu kumi na ukiwafukuza wasichana, unabaki na wangapi?

NIMALIZIE

UNESCO iliiweka rumba ya Cuba kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, na rumba ya Kongo ikafuata 2021. Wajukuu wa watumwa, na wale waliobaki, wote wameheshimiwa kwa kitu kile kile. Sisi hatuhitaji kusubiri UNESCO ifike Nansio kwa meli. Tunahitaji mzee mmoja, kivuli cha mwembe na Jumamosi moja.

Ila tuwe wakweli, wazee hawatusubiri. Kila msiba wa mzee tunaokwenda kuzika hapa kisiwani, tunazika na nyimbo ambazo hakuna aliyeziuliza. Hilo halihitaji pesa ya mfadhili kulizuia, linahitaji mtu aende kuuliza.

Sasa nawageukia wadau. Mlioko Ukara, Bunda, Magu, Bukoba, na ninyi wa ughaibuni: kwenu nani bado anapiga? Wimbo gani mliufundishwa na bibi na mnaukumbuka mpaka leo? Na wale mnaosema ngoma ni ushamba, njooni na hoja, tujadiliane kistaarabu bila matusi. Dondosheni maoni hapo chini.

Na ile clave, kama umeshindwa kuweka mguu na makofi pamoja, sema tu. Hatutakucheka. Sana.